Mashine Moja, Mafundi Wawili

Sanduku langu la vipimo sikuliweka kwenye buti la basi. Nililipakata kutoka Mwanza hadi Dodoma, nikalala nalo kitanda kimoja katika nyumba ya wageni jirani na stendi, na alfajiri nikalipakata tena. Ndani mlikuwa na maikromita ya kupimia unene, kipimo chenye uso kama wa saa, na visu vya kukerezea chuma ambavyo nimevinoa mwenyewe tangu ujana. Mzee mmoja aliyekuwa anakwenda Mtera kufuata samaki alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza ni kitu gani hicho kinachopakatwa kama mtoto mchanga.

"Vyuma, mzee."

"Umesikia?" alimwambia mkewe. "Mwenzetu anapakata vyuma."

"Mwache," mkewe akajibu bila kugeuka. "Pengine ndivyo pekee alivyo navyo."

Hakukosea sana. Nilikuwa nimeshavuka arobaini. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nimekereza vyuma Morogoro, Tanga, Kahama na Mwanza, na kote huko nilisimama mbele ya mashine za watu. Nikiwa Tanga nilipakumbuka Morogoro. Nikiwa Mwanza nilipakumbuka Tanga. Lakini Morogoro nilipakumbuka popote nilipokuwa. Ndiko nilikojifunza, katika karakana yenye mashine mbili zilizotazamana: moja ya kukereza, ambayo chuma huzunguka na kisu hutulia, na nyingine ya kuchonga, ambayo kisu huzunguka na chuma hutulia. Fundi aliyenifundisha alisimama kwenye moja, mimi kwenye nyingine, migongo yetu ikikaribia kugusana. Tulizungumza kutwa nzima bila kuonana nyuso. Yule fundi alipofariki mashine ziliuzwa, nami nikaanza kuzurura.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa amestaafu kiwandani na kujenga Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya. Alinipigia simu akasema uani ana vyumba viwili vitupu.

"Tunafungua karakana hapa hapa nyumbani," alisema. "Chumba kimoja changu, kimoja chako. Wewe njoo na ufundi, mimi nina pa kuuweka."

Dada akachukua simu, akasema, "Njoo upumzike." Neno hilo ndilo lililonipandisha basi. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuna chumba kinanisubiri.

Shemeji alitaka nishuke Iringa kwanza. Alikuwa amesikia habari za mama mmoja mjane, upande wa kwenda Kalenga, anayeuza mashine za marehemu mumewe. Basi lilituacha chini, Ipogolo, na baridi ya Iringa ikaniingia mikononi kabla sijapanda kilima kwenda mjini. Nilimkuta yule mama anaanua mahindi.

"Kamwene," nilimsalimu, kwa kuwa nilimsikia konda akisalimia hivyo.

"Kamwene, baba. Kihehe chako kimeishia hapo?"

"Kimeishia hapo, mama."

"Basi tuendelee na Kiswahili, tusichoshane."

Alinifungulia banda. Kuku alikuwa ametagia kwenye trei ambayo zamani ilikinga mafuta. Nilipofuta vumbi niliziona: mashine ya kukereza, ndefu, nzito, ya enzi ambazo watengenezaji hawakubania chuma; na pembeni yake ya kuchonga, fupi, imejaa kifua kama mbeba mizigo. Kutu ilikuwa ya juu juu. Nilishika gurudumu la mkono nikalizungusha, meza ikasogea polepole, bila kukwama, bila kucheza. Nilisimama pale na gurudumu mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mume wangu alitengenezea vipuri viwanda vya mbao vya Mafinga na hizo," alisema yule mama. "Watu wanakuja, mmoja anataka hii, mwingine anataka ile. Nimewakatalia. Zimekaa pamoja tangu sijaota mvi. Ukichukua, chukua zote."

"Tutachukua zote, mama."

"Tutachukua, wewe na nani?"

"Na shemeji yangu."

"Aa," alisema, akamfukuza kuku.

Nilifika Uyole jioni ya siku ya pili yake. Dada alikuwa amenenepa na amezoea kusema taratibu, kama watu wanaokaa na mtu mkali. Shemeji alinipokea vizuri, sitasema uongo. Alinionyesha vile vyumba viwili vya uani, vyeupe, vimepakwa chokaa juzi juzi. Cha kwanza kilikuwa karibu na geti. Cha pili, kilichopakana na jiko, ndicho alichosema changu. Nilipima mlango wake kwa hatua, nikasimama katikati, nikapanga kichwani: mashine ya kuchonga pale, meza ya kazi chini ya dirisha, sanduku langu juu ya rafu. Nikachagua mpaka ukuta wa kupigilia msumari wa koti.

Usiku ule ule wa kwanza, tukila viazi na maharage, alinionyesha simu yake. Kulikuwa na picha ya mashine ndogo iliyopakwa rangi ya bluu. Chini ilikuwa ya kukereza, na nyuma yake umesimama mguu wa chuma wenye kichwa cha kuchongea. Mbili kwa moja.

"Hii ndiyo ya nyumbani," alisema. "Inakaa chumba kimoja. Inatumia umeme huu huu wa taa. Hizo zako za Iringa zinataka umeme wa fezi tatu, zinataka sakafu ya zege, zinataka winchi. Zinataka serikali nzima."

Hoja zake hazikuwa za kipuuzi, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia upande wa pili. Mota za mashine za zamani zinabadilishwa zikatumia umeme wa kawaida. Nimeshafanya kazi hiyo Kahama. Sakafu tunamwaga wenyewe. Lakini kichwa kinachosimama juu ya mguu mmoja mwembamba hutetemeka kikikutana na chuma kigumu, na ukitaka kuchonga inakubidi ufungue ulichokuwa unakereza. Ukishakitoa chuma kwenye taya za mashine, hakirudi mahali pake pale pale. Unadhani kimerudi. Kinarudi karibu tu, na beringi haielewi habari za karibu.

"Halafu kuna jambo lingine, shemeji," nilisema. "Mashine moja anasimama mtu mmoja. Mwingine atafanya nini?"

"Atashika tochi," alisema, akacheka sana. Dada naye akacheka kidogo, akaondoa sahani.

Mtu anayeishi peke yake, anayetengeneza vitu vyake mwenyewe bila haraka, mbili kwa moja inamtosha. Nasema hivi hata leo, na nimewaambia hivyo watu walioniuliza. Asubuhi anakereza, jioni anachonga, hakuna anayemsubiri. Lakini sisi tulikuwa wawili, na mimi nilikuwa nimevuka nusu ya nchi kwa sababu ya yule wa pili. Kwangu habari ya mashine moja au mbili ilikuwa ni habari ya kama nina mahali au sina.

Tulikwenda sokoni Mwanjelwa kwa muuzaji wa ile ya bluu. Alikuwa mtu mwenye asili ya pwani, kofia nyeupe, Kiswahili chake kinateleza kiasi kwamba hata bei alipoitaja ilisikika kama salamu. Nilikishika kile kichwa cha kuchongea nikakitikisa. Kikatikisika.

"Fundi, usimtikise bibi harusi mbele za watu," alisema.

"Anatikisika mwenyewe, bwana."

"Huyu ni mke mmoja anayepika na kushona. Wewe unataka wawili. Utawalaza wapi?"

Shemeji, ambaye ni mzee wa kanisa, alifurahi mpaka akamshika bega. "Mwambie huyo. Kanisani kwetu tunaoa mmoja."

"Mimi naruhusiwa wanne, na nina mmoja tu," alisema yule muuzaji. "Sasa wewe bachela wa vyuma, wawili wa nini?"

Watu wa maduka ya jirani walicheka, nami nikacheka nao, maana ungefanya nini. Njiani kurudi nilimwuliza shemeji kwa upole ameamua nini. Akasema maneno yangu ameyasikia, na kwamba niende Iringa nikazitayarishe zile mashine wakati yeye anatafuta pesa na lori.

Nilikaa Iringa karibu juma zima. Yule mama alinipa pa kulala na kunikatalia kununua chakula. Nilisugua kutu kwa mafuta ya taa, nikafungua gia nikaziosha, nikapaka grisi kila mahali panapoteleza. Mchana alikaa mlangoni akichambua maharage, akiniambia mumewe alikuwa anasimama wapi na alikuwa anakasirika vipi mtu akimkatiza. Siku ya mwisho tulikwenda wote mnadani tukanunua turubai la kuzifunikia safarini. Nilikata herufi ya kwanza ya jina langu kwa patasi chini ya kitako cha ile ya kuchonga, mahali pasipoonekana.

Shemeji akapiga simu. "Rudi, mashine imefika."

"Ipi?"

"Njoo uone, bwana mdogo."

Ilikuwa imekaa katika chumba cha geti, ya bluu, imefunikwa kitenge cha dada. Alikuwa ameshaifunga kwenye meza ya chuma na kuichomeka umeme. Aliizungusha, ikalia kwa sauti nyembamba. Nilitoka nikaenda chumba cha pili, nikafungua mlango. Kulikuwa na magunia ya viazi mpaka dirishani.

"Ni kwa muda tu," alisema dada nyuma yangu. "Viazi vinasubiri bei."

Nilikaa na simu mkononi mpaka nikapata nguvu ya kumpigia yule mama na kumwambia lori haliji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi, mwanangu," alisema. "Turubai utalifuata?"

"Likae tu, mama."

"Haya. Kuku watalipenda."

Ningeondoka siku ile. Najua sasa kwamba siku ile ndiyo iliyokuwa siku yangu, nami niliiacha ipite. Lakini dada alikuwa ameninunulia blanketi jipya, na baridi ya Uyole mwezi wa sita si ya kuondokea mtu asiyejua anakokwenda.

Kazi ilianza. Nyumba yote ile ilijifunza kuishi kwa kufuata mashine moja. Asubuhi nilikereza. Shemeji alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni akisubiri zamu yake ya kuchonga, na kusubiri kwake kulikuwa na sauti: alikohoa, aligonga funguo kwenye meza, aliuliza, "Bado, bwana mdogo?" Ilipofika zamu yake nilifungua chuma changu, yeye akafunga chake, nami nikakaa kwenye kiti kile kile. Kiti kilikuwa na joto la mwenzako muda wote. Hatukuwa tukizungumza kama nilivyozungumza na fundi wa Morogoro. Mtu anayekusubiri utoke hakupigi hadithi.

Wateja waliingia wakamsalimu yeye, kwa kuwa ndiye mwenye geti. "Ugonile, mzee." Kisha wakaniangalia mimi, na yeye akasema, "Huyo ni shemeji yangu, ananisaidia."

Kabla ya msimu wa mpunga kufika kileleni nilitumwa Iringa kufuata ekseli ya lori kwa muuza chuma chakavu. Ekseli ndiyo tunayokerezea shafti imara, mihimili inayozungusha mashine. Nilikuwa napekua rundo lake nikaona kipande cha chuma kinene chenye njia ya kutelezea meza ya mashine, kinang'aa kwa grisi. Grisi ile niliijua. Mashine nzima ilikuwa imevunjwa kwa nyundo kubwa, vipande vya kubebeka. Niligeuza kitako kimoja kwa mguu, nikainama. Herufi yangu ilikuwepo.

"Hizo zilitoka Kalenga," alisema yule muuza chakavu. "Mama mmoja alichoka kungoja mnunuzi. Zilikuwa mbili, zimepakwa mafuta vizuri kama zinakwenda harusini. Unataka kipande?"

"Nataka ekseli," nilimwambia.

Kwa yule mama sikupita. Ningemwambia nini?

Mwezi wa saba watu wa Ubaruku walianza kutufikia. Mpunga ukishavunwa, mashine za kukoboa huko hazipumzi, na kila kitu kinachozunguka huvunjika katika majuma yale yale. Fundi wa Rujewa alikuwa ameelemewa, kwa hiyo waliobaki walipanda mpaka kwetu na shafti zao mabegani zimefungwa kwa magunia. Walikuja na desturi yao ya mashineni. Kule, mtu akishamimina gunia lake, hakuna anayeisimamisha mashine mpaka punje ya mwisho itoke. Hata mwenye mashine hagusi, hata akija mkubwa gani. Mwenye mpunga anakaa pale pale akiulinda kwa macho. Kwetu nao wakafanya vivyo hivyo. Chuma cha mtu kikishafungwa kwenye taya, alivuta ndoo akaikalia, akala, akasinzia, lakini hakuondoka.

Mimi desturi ile niliipenda. Ilikuwa inalinda kazi kuliko mimi ningeweza kuilinda. Shemeji ilimuudhi.

Siku moja aliyekaa kwenye ndoo alikuwa mama mwenye mashine ya kukoboa, mnene, sauti yake inajaza uwanja. Shafti yake nilikuwa nimeshakereza upande mmoja wa kukalia beringi. Ulibaki wa pili. Pande hizo mbili lazima ziwe na kitovu kimoja, ndiyo maana huwa sikitoi chuma katikati ya kazi. Akaingia mwenzake shemeji wa kanisani na puli ya mashine ya mahindi, lile gurudumu linalovaa mkanda. Alitaka ichongwe mfereji wa kupachika kii, kile kipande kinachozuia puli isizunguke peke yake. Kazi ya muda mfupi.

"Fungua hiyo kidogo," shemeji aliniambia. "Tumtoe mzee."

"Changu kimeshaingia mashineni," alisema yule mama kabla sijajibu. "Hakitoki."

"Mama, hii si mashine ya mpunga."

"Kwani inazunguka, haizunguki?"

"Inazunguka."

"Basi ni ile ile. Mzee wako akae kwenye ndoo, nyingine ile pale."

Mzee wa kanisani alijikalia kwa aibu. Shemeji alitabasamu, lakini shingo yake ilivimba. Kuelekea adhuhuri yule mama alitaka beringi mpya, na hakuniamini kwenda kuzinunua peke yangu wala hakujiamini kuzichagua peke yake, kwa hiyo tulikwenda Mwanjelwa pamoja. Aliifunika shafti kwa kitambaa chake cha kichwa, akamwambia shemeji, "Nimekuachia mtoto."

Tuliporudi mzee wa kanisani hakuwepo. Shafti ilikuwa kwenye taya, imefunikwa kitambaa. Lakini juu ya mashine nililiona vumbi jeusi, laini kama masizi. Shafti ya ekseli haitoi vumbi. Hutoa nyuzi zinazojikunja. Vumbi jeusi hutoka kwenye chuma cha kutupwa, na puli hutengenezwa kwa chuma cha kutupwa.

"Shemeji, umeitoa?"

"Nini?"

"Shafti ya mama."

"Sijaigusa."

Nilifungua sanduku langu, nikatoa kile kipimo chenye uso kama saa. Sindano yake ingeniambia kila kitu kabla chai haijapoa. Shemeji alisimama kutoka kwenye kiti cha plastiki.

"Unapima chuma au unanipima mimi?" alisema, taratibu, kwa namna ambayo mgeni angedhani ni utani. "Katika nyumba yangu, mbele ya wageni?"

Nilikuwa nakula kwake. Nilikuwa nalala kwake. Mume wa dada yako humwambii muongo mbele ya watu halafu jioni ukanyoosha mkono kwenye sahani yake. Yule mama, ambaye hakuelewa tunachozungumza, akasema, "Fundi, piga kazi, jua linakwenda." Nikakirudisha kipimo sandukuni. Nikakereza upande wa pili.

Yule mama alirudi baada ya siku chache kwenye lori dogo, amesimama nyuma pamoja na shafti yake na nyumba ya beringi iliyopasuka vipande viwili. Alianza kusema kabla gari halijasimama.

"Imetetemeka mpaka ukuta umepasuka. Watu wamelaza mpunga nje kwangu, mvua ya ajabu imenyesha jana, mpunga unaota. Unaota, mnasikia? Nani fundi hapa?"

Majirani walitoka. Dada alisimama kwenye mlango wa jiko. Wote walimtazama shemeji, kwa kuwa ndiye waliyezoea kumsalimu. Yeye akaninyooshea mkono.

"Fundi ni huyu hapa. Mimi ni mwenye nyumba tu."

Muda wote ule nilikuwa msaidizi. Siku ile ndiyo aliyonipa ufundi.

Nilichukua shafti, nikaifunga, nikaweka kipimo changu juu ya upande wa kwanza. Sindano ilitulia. Nikakisogeza upande wa pili, nikazungusha kwa mkono. Sindano ilienda na kurudi, ikaenda na kurudi, na yule mama aliiona kwa macho yake mwenyewe.

"Ilitolewa katikati ya kazi ikarudishwa," nilisema. "Ndiyo maana."

"Na ni nani aliyekereza?" aliuliza shemeji.

"Mimi."

"Basi." Akawageukia majirani. "Amesema mwenyewe."

Yule mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama ile ndoo aliyokuwa ameikalia. Nadhani alielewa. Lakini mpunga wake ulikuwa unaota na hakuwa na muda wa kumhukumu mtu. "Nitengenezee nyingine," alisema. "Na leo sitoki hapa hata kwa haja."

Nilimfuata dada jikoni. Alikuwa anamenya viazi, na aliendelea kumenya.

"Ulimwona akiitoa?"

"Nilimwona."

"Ukanyamaza."

"Wewe utaondoka siku moja," alisema. "Ndivyo ulivyo. Mimi nitalala wapi?"

Kilichoniuma si kwamba alinyamaza. Ni kwamba tangu siku aliponiambia njoo upumzike, alikuwa anajua kwamba nitaondoka, na aliniwekea blanketi kwa kadiri ya mgeni.

Shafti mpya niliikereza siku hiyo yote na asubuhi iliyofuata. Kiti cha plastiki nilikitoa nje, mlango nikaufunga kwa ndani, yule mama akiwa juu ya ndoo yake. Pande zote mbili nilizikereza bila kukitoa chuma hata mara moja, na nilipoweka kipimo, sindano haikutikisika. Nilimwita aje aone.

"Imelala," alisema.

"Imelala, mama."

"Njoo Ubaruku. Kuna kazi."

"Kuna mashine?"

"Mashine hakuna. Kazi ipo." Tukacheka wote wawili, yeye akinizidi kidogo, akapanda lori na shafti yake.

Nilinawa mikono bombani kwa sabuni ya unga. Nikapanga visu sandukuni, maikromita, kipimo, nikafunga kwa mkanda. Blanketi nililikunja nikaliacha kitandani. Dada alitaka kunifungia chapati, nikamwambia njiani nitapata. Alinishika kiwiko kidogo, akakiachia. Shemeji alikuwa ameshaingia chumba cha geti. Alikuwa na puli nyingine ya kuchonga na hatimaye mashine ilikuwa yake peke yake. Hakutoka kuniaga, nami sikuingia.

Nilikuwa nimefika barabarani nilipomsikia anaanza. Kichwa cha kuchongea kilikuwa kinalia kwa kutetemeka, ule mlio wa meno yanayogongana kwa baridi. Nilisimama. Nilijua ni nati gani iliyolegea: ile ya nyuma ya mguu, ambayo huioni mpaka upige magoti, ambayo nimekuwa nikiikaza kila asubuhi bila kumwambia mtu. Asipoikaza, kisu kitapanda na kuipasua puli. Mlio uliendelea. Nikalihamishia sanduku mkono wa pili, nikavuka kwenda upande wa magari ya Tunduma.